Kutoa mada kuhusu programu za mawasiliano ya kazini: mwongozo kamili kwa mzungumzaji wa Kisumu

Mara ya kwanza nilipopewa nafasi ya kuzungumza kwenye mkutano wa watu wa teknolojia hapa Kisumu, nilibeba slaidi 41. Nilitaka kueleza programu kama Slack na Microsoft Teams, wiki (tovuti ambayo watu wengi huiandika na kuihariri pamoja) na kila kilichomo kati yake. Nilipofika slaidi ya 12, mwenyekiti akanionyesha saa. Wakati wa maswali, mama mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono: "Kijana wangu, sisi kazini tuna kundi la WhatsApp. Shida yetu iko wapi?" Nilibabaika. Tangu siku hiyo kila mada ninayoitoa huanzia kwenye swali lake, na mwongozo huu vilevile.

Ninaposema programu za mawasiliano ya kazini, nina maana ya zile ambazo wafanyakazi huandikiana mbele ya wenzao: swali la mmoja na jibu la mwingine vinaonekana na wengi, na vinabaki. Barua pepe kati ya watu wawili haimo. Kundi la WhatsApp la dukani limo, hata kama hakuna aliyewahi kuliita teknolojia. Karibu kila atakayekusikiliza yumo tayari kwenye kundi kama hilo, na wewe hujaja kumuuzia kitu kigeni. Kazi yako ni kumwonyesha kinachompotea humo kila siku.

Hatua ya kwanza: jua watakaoketi mbele yako

Viti vya mbele huwa vya wanafunzi: wa Maseno, wa Kisumu National Polytechnic, wengine wamepanda matatu kutoka Bondo alfajiri. Katikati hukaa watu wa mashirika ya afya na utafiti, ambao mji huu unao wengi. Nyuma, karibu na mlango, hukaa wafanyabiashara na watumishi wa kaunti waliokuja kuona kama kuna cha kuchukua.

Hawa hawana "kazini" moja. Mwanafunzi hajawahi kuwa na bosi, ila amewahi kufanya kazi ya kikundi darasani ambapo wawili waliandika na watano wakatia majina. Tumia hiyo. Mwenye duka hajali chaneli (chumba cha mazungumzo chenye jina lake) wala uzi wa mazungumzo (majibu yaliyoshikana na swali lake), ila anajua uchungu wa mteja kupewa bei mbili tofauti na wahudumu wawili.

Wapigie waandalizi simu, usiwaandikie tu. Waulize watarajia watu wangapi, wangapi kati yao wameajiriwa, ukumbi uko wapi na paa lake ni la nini. Ndiyo, paa. Mvua ya alasiri ya Kisumu ikiteremka juu ya mabati, hata mwenye sauti ya mhubiri hasikiki. Kama ni mabati na ni msimu wa mvua za masika, omba kuzungumza asubuhi. Na wakikuachia uchague siku, kumbuka kwamba Jumamosi, siku ambayo wengi huipenda, inawafungia nje Wasabato, na ukanda wetu, hasa upande wa Kisii na Homa Bay, una Wasabato wengi.

Hatua ya pili: punguza mada mpaka iingie kwenye swali moja

"Mustakabali wa mawasiliano kazini" si mada. "Kwa nini swali lilelile huulizwa mara tano kwenye kundi letu la kazi" ni mada. "Mfanyakazi akiacha kazi, anaondoka na nini kwenye simu yake" ni mada, tena nzuri sana. Chagua moja, uiandike kwa sentensi ambayo shangazi yako angeielewa, ndipo uitume kwa waandalizi.

Historia ijue, lakini usiihutubie. Ni akiba ya kipindi cha maswali. Lotus Notes, programu ya zamani ya kazi za pamoja ofisini, ilitoka mwaka wa 1989. Tovuti ya wiki ya kwanza ilitengenezwa na mwandishi wa programu Ward Cunningham mwaka wa 1995, na jina alilichukua kutoka lugha ya Hawaii, ambako "wiki wiki" ni haraka haraka; Mswahili hahitaji kuelezwa kwa nini neno limerudiwa. Yammer, mtandao wa kijamii wa maofisi, ilianza 2008, na Microsoft wakainunua 2012 kwa dola bilioni 1.2. Slack ilijitokeza 2013, ikanunuliwa na kampuni ya Salesforce kwa zaidi ya dola bilioni 27 katika ununuzi uliokamilika 2021. Teams ilifunguliwa kwa wote 2017.

Habari moja tu ya historia ndiyo mimi huipandisha jukwaani, nayo ni hii. Facebook walifungua Workplace mwaka wa 2016, mtandao wa kijamii wa maofisi. Mashirika yakahamia humo, yakawafunza watu wao. Mei 2024 Meta, jina jipya la kampuni ya Facebook, wakatangaza wanaifunga. Mtu aliyekuwa amefunzwa mahali vitufe vilipo alibaki mikono mitupu. Aliyekuwa amefunzwa kuuliza hadharani, kujibu chini ya swali na kuandika uamuzi mahali unapopatikana, alihama na ujuzi wake wote. Hii ndiyo sababu sifundishi programu yoyote kwa jina lake.

Hatua ya tatu: kusanya ushahidi wako mwenyewe

Takwimu za kampuni za Marekani haziwagusi watu wa Kondele. Fanya hesabu yako. Chukua kundi la kazi ulilomo wewe, wiki moja tu, Jumatatu hadi Jumapili. Chora safu kwenye daftari: maswali, majibu, matangazo, faili na picha, salamu na pole na maombi. Pitia ujumbe mmoja mmoja ukitia alama. Kisha rudia maswali peke yake na uone ni mangapi yalikuwa yameulizwa na kujibiwa tayari, na ni mangapi hayakujibiwa kabisa.

Inachukua jioni mbili na inachosha. Lakini ukisimama na kusema, "katika kundi letu la watu 23, wiki ile maswali yalikuwa haya, na haya hayakupata jibu," hakuna atakayesinzia, kwa sababu kila mmoja anaanza kuhesabu la kwake kichwani.

Usidharau ile safu ya mwisho. Salamu, pole na maombi si takataka. Kwetu mtu akifiwa kundi hunyamaza kazi likachanga, na kundi lisilochanga halina watu. Ukisema jukwaani kwamba salamu "zinaharibu kundi la kazi", umeukosa ukumbi. Sema kwamba zinastahili chumba chao wenyewe, ambamo tangazo la matanga halitafunikwa na oda ya saruji.

Kisha suala la ruhusa. Waambie wenzako unachofanya kabla ya kuhesabu. Ujumbe wa kazini una majina, nambari za simu, wakati mwingine habari za wagonjwa au wateja, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, pamoja na Ofisi ya Kamishna inayopokea malalamiko. Usiweke picha ya skrini ya kundi halisi. Mimi niliwahi kufuta majina yote kwa rangi nyeusi nikasahau ile picha ndogo ya mviringo kando ya ujumbe, mtu wa safu ya pili akacheka na kusema, "Huyo si jirani yangu?" Siku hizi naandika upya mazungumzo kwa maneno yangu na majina ya samaki: Bwana Mbuta, Mama Ngege, Omena. Watu hucheka, na hakuna anayeaibika.

Hatua ya nne: jenga hadithi moja

Tafuta tukio moja ambalo kitu kiliharibika kwa sababu ya ujumbe. Langu ni hili. Nilifanya kazi kwa msambazaji mmoja wa vifaa vya ujenzi mwenye matawi matatu. Alhamisi moja lori lilipakiwa saruji kwenda Ahero. Saa mbili kasorobo asubuhi karani aliandika kundini kwamba mteja amebadilisha, mzigo uende Kakamega. Siku hiyo ilikuwa ya kuzaliwa ya meneja. Ndani ya dakika chache ujumbe wa karani ulikuwa chini ya keki, maputo na "Mungu akuzidishie". Dereva alifika Ahero, akapiga simu kuuliza mbona hakuna mtu wa kupokea.

Angalia hadithi hiyo ilivyo. Hakuna mjinga ndani yake. Karani aliandika, dereva alikuwa kundini, wenzake walikuwa na adabu ya kumtakia meneja heri. Kosa liko kwenye mpangilio: oda na keki vilikuwa kwenye mlango mmoja. Hadithi yako nayo isiwe na mjinga. Ukimweka mmoja, wasikilizaji watamcheka yeye na kusahau mpangilio.

Kwa dakika ishirini, mimi hutumia kama tatu kwa swali la kuanzia, tano kwa hadithi, nane kwa onyesho nitakaloeleza hapa chini, na zilizobaki kwa mambo tuliyojaribu yakashindikana. Hayo ya mwisho msiyaache. Tulipofungua chaneli tano, kwa wiki mbili kila mtu aliendelea kuandika kwenye ile ya kwanza. Kilichobadilisha mambo ni karani mmoja mkaidi ambaye kila swali likiulizwa mahali pasipo pake alilijibu mahali pake, kisha akaweka kiungo. Hakukemea mtu.

Swali langu la kufungulia ni hili: "Nani hapa yumo kwenye kundi la kazi ambalo amelizima sauti?" Mikono huinuka polepole, watu wanatazamana, halafu karibu ukumbi wote. Ongeza: "Na nani ndiye msimamizi wa kundi ambalo anashuku wenzake wamelizima?"

Hatua ya tano: amua lugha

Ukumbi wa Kisumu una Kiswahili, Kiingereza, Dholuo, na Sheng ya vijana. Ukiwa Kakamega au Bungoma, anza na "Mulembe". Hapa "Misawa" inatosha kufungua nyuso. Baada ya hapo shika lugha moja. Kwa istilahi, chagua neno na ulifafanue mara moja kwa mfano: chaneli ni chumba chenye jina mlangoni, uzi ni jibu lililoshikana na swali lake, kutaja mtu ni kumwita kwa jina ili simu yake ilie. Ukishachagua, usibadilishe katikati.

Ukizungumza na wazee, waite wazee. "Mzee aliyevaa kofia, uliuliza nini?" hukaa vizuri kuliko kumnyooshea kidole. Ukijua mwenzako ni daktari au mwalimu, mtaje hivyo.

Hatua ya sita: onyesho lisilohitaji stima

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi huanguka. Mzungumzaji hufungua programu moja kwa moja kwenye skrini, intaneti inazunguka, anasema "mniwie radhi", inazunguka tena. Au stima inapotea. Au waalikwa sitini wanaombwa kuingia kwenye chaneli ya majaribio kwa simu zao, nusu hawana bando na robo wamesahau nywila.

Kama ni lazima uonyeshe programu, rekodi video ya dakika mbili kwenye kipakatalishi chako na uicheze bila intaneti. Kumbuka pia kwamba akaunti ya bure ya Slack huonyesha ujumbe wa siku 90 tu. Jamaa mmoja alipanda jukwaani kuonyesha mazungumzo aliyoyatayarisha miezi minne kabla, akakuta hayapo.

Lakini onyesho ninaloliamini ni la karatasi. Utahitaji kikapu cha sokoni, bahasha tano kubwa, stepla, kalamu nene, na vikaratasi kama mia. Vyote vinapatikana dukani bila kukupasua mfuko.

Mlangoni, kila anayeingia apewe vikaratasi viwili na aombwe kuandika ujumbe mmoja aliotuma au kupokea kazini wiki hii, bila jina la mtu, kwenye kila kimoja. Vyote viingie kikapuni. Wakati wako ukifika, kitikise kikapu mbele yao na useme: hili ni kundi la WhatsApp. Chungulia ndani kimyakimya, soma kimoja kinachouliza jambo, tuseme kuhusu likizo, kirudishe, utikise tena. Mwite mtu wa kujitolea akitafute huku ukumbi ukihesabu sekunde kwa sauti. Kufikia sitini watu watakuwa wanapiga kelele kama wako uwanjani.

Kisha bandika bahasha tano ukutani: oda na wateja, dharura, mambo ya wafanyakazi, salamu na pole, mengineyo. Waombe watu kumi waje wagawanye vikaratasi. Mwite wa pili atafute swali lingine. Sasa ni sekunde chache.

Usiishie hapo, kwa sababu mpaka hapo umewadanganya kidogo. Inua ile bahasha ya mengineyo. Itakuwa imevimba. Mara yangu ya kwanza karibu nusu ya vikaratasi vilikuwa ndani yake, na mzee mmoja akasema, "Hiyo sasa ni kikapu kingine." Hakuna sentensi yangu iliyowahi kueleza vizuri zaidi kwa nini majina ya chaneli yafikiriwe na wanaozitumia, na siyo na kijana wa kompyuta peke yake. Waulize wangezibatiza vipi. Wacha wabishane.

Mwisho, chukua kikaratasi cha swali, andika jibu kwenye kingine, uvibane pamoja kwa stepla. Huo ndio uzi. Vitupe pamoja kikapuni, utikise: haviachani. Sijawahi kulazimika kueleza tena.

Hatua ya saba: jiandae kupunguziwa muda

Ratiba itasema saa tatu. Mkutano utaanza saa nne na nusu, kwa maombi, kisha utambulisho wa kila mtu, kisha mgeni wa heshima ambaye hakuwa kwenye ratiba. Dakika zako 30 zitakuwa 12. Usilalamike jukwaani; aliyepunguza muda ni mwenyeji wako. Uwe na toleo la dakika 12 ulilolifanyia mazoezi kwa saa mkononi: swali la kuzima sauti, kikapu, bahasha, basi. Hadithi ya lori utaisimulia wakati wa chai.

Beba adapta yako ya HDMI ya kuunganisha kompyuta na projekta, na slaidi ziwe pia kwenye flashi. Maandishi ya slaidi yaonekane kutoka mlangoni. Kama hujui ukubwa gani, nenda ukasimame mlangoni.

Hatua ya nane: maswali

Yatakuja haya, karibu kwa mpangilio huu.

"Kwa nini tusibaki na WhatsApp?" Usiitukane, kundi moja sasa hubeba hadi watu 1,024 na kila mtu anaijua. Jibu langu: bakini nayo kama mko wanane na kazi ya leo huisha leo. Mkianza kuajiri, fikirini upya, kwa sababu mfanyakazi mpya akiingizwa leo, mazungumzo ya miaka miwili iliyopita hayamfuati, na anayeondoka anaondoka na simu yake, na wateja wakiwa ndani.

"Kuna ya bure?" Zipo zilizo huria, yaani msimbo wake uko wazi, kama Mattermost, Zulip na Rocket.Chat, ambazo ofisi inaweza kuziweka kwenye seva yake, yaani kompyuta inayoziendesha. Lakini sema na upande wa pili: lazima awepo mtu wa kuhifadhi nakala na kuiamsha seva ikilala. Ofisi isiyo na mtu huyo italipa kwa njia nyingine.

"Bosi atasoma ninayoandika?" Sema ukweli: kwenye programu ya mwajiri, chukulia kwamba anaweza. Hapo ukumbi hukaa kimya, na ni sawa. Wakiuliza kuhusu bosi anayeandika saa nne usiku, waambie kwamba mswada uliofikishwa kwenye Seneti ya Kenya mwaka wa 2022 ulitaka mfanyakazi awe na haki ya kutojibu nje ya saa za kazi. Wengi hawajawahi kusikia kwamba jambo hilo linaweza hata kujadiliwa bungeni.

"Watu wetu hawaandiki, wanasoma tu." Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika mwaka wa 2006 kwamba katika jumuiya za mtandaoni, kwa kawaida kati ya watu 100, 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiye huandika sehemu kubwa. Kazini hali huwa nafuu kidogo kwa kuwa watu wanajuana, lakini ukimya wa wengi si dalili kwamba mmeshindwa. Tazama kama wanatenda kulingana na walichosoma.

Akiuliza mtu swali usilolijua, mgeukie ukumbi: nani hapa amelipitia? Kisumu haikosi mtu.

Baada ya kushuka

Kaa. Usikimbilie boda. Mama wa kule nyuma hatauliza mbele ya watu. Atakungoja karibu na birika la chai, na atakueleza kundi la kazini kwake lilivyo kwa dakika kumi. Hapo ndipo utapata hadithi ya mada yako ijayo, ukimwomba ruhusa. Usimtajie programu yoyote mpaka amalize.

Kabla ya kufunga mlango wa ukumbi, toa bahasha zote ukutani na uhesabu vikaratasi. Watu huandika mambo ya kweli humo: mshahara uliochelewa, mgonjwa wa chumba fulani, mteja asiyelipa. Msimwachie mfagiaji. Mimi hubeba vyote nyumbani kwenye kikapu kilekile na kuwashia jiko la makaa.